Mama wa Makanga hana jina: kusoma Hans Rosling tukiwa Kongo



Kuna kitabu kinazunguka kwenye telefone zetu sasa, mu PDF, na wengi wenu munakitaja hata kwenye barua za kuomba kazi: Factfulness cha Hans Rosling. Yule daktari wa Swideni mwenye kuonyesha nchi za dunia kama mapovu ya rangi yanayopanda na kushuka kwenye ekra. Alikufa mwezi wa pili 2017, kitabu kikatoka 2018, kimeandikwa pamoja na mutoto wake Ola na bibi ya Ola, Anna. Kwa kijana aliyemaliza lisansi na anatafuta mulango wa kuingia katika utafiti wa afya ya jamii (ankete za nyumba kwa nyumba, GPS, ramani), kile kitabu iko kama Biblia ndogo. Na mimi nakipenda. Lakini hadithi ya sura yake ya mwisho inatokea kwetu Kongo, na kila mara nasikia mutu anaisimulia nusu, juu kitabu chenyewe kinaisimulia nusu. Ile nusu nyingine njo nataka kuongea leo.

Kabla ya mapovu, Rosling alikuwa muganga wa tereni. Toka 1979 mupaka 1981 alifanya kazi Nacala, kaskazini ya Msumbiji, wilaya ya watu karibu 300,000 na waganga wa kuhesabu kwa vidole vya mukono mumoja. Kuna sehemu mu kitabu anabishana na rafiki yake, muganga pia, juu ya mutoto mwenye kuhara sana. Yule rafiki anataka mutoto awekewe seramu ya mushipa, hata kama inakula muda. Rosling anampitishia maji kwa mupira wa pua, haraka, na anataka ule muda uliobaki utumike inje ya hospitali. Mwenzake anakasirika kabisa. Basi Rosling anaingia mu hesabu. Mwaka ule watoto 52 walikufia ndani ya hospitali. Lakini ukichukua hesabu ya watoto wanaozaliwa mu wilaya, na kiwango cha vifo vya watoto cha wakati ule, unapata karibu watoto 3,900 waliokufa mu wilaya nzima. Maana yake hospitali ilikuwa inaona kifo kimoja kwa kila 75. Vile vingine 74 vilipita kimya, mu vijiji, bila muganga kuvijua.

Mimi hapo njo nilianza kumwamini. Sisi wa agronomia tuko na ugonjwa sawa huo: mutu anasimama mu soko la muji, anaangalia bei ya maharagwe, anaandika rapoti juu ya mavuno ya grupema nzima. Ukitaka kujua, utembee. Ile hesabu ya Nacala inafaa kufundishwa mwaka wa kwanza, fakiltee zote.

Sasa tuje Makanga. Ni 1989, Bandundu, wakati nchi ingali Zaire. Rosling anafika na timu juu ya konzo. Wale wasioijua: mutu anakuwa muzima, kiisha kwa muda mufupi sana, mara nyingine siku moja tu, miguu yote miwili inakaza, anatembea kwa ncha za vidole na fimbo, ao hatembei tena. Haiponi. Neno lenyewe ni la Kiyaka, linataka kusema miguu iliyofungwa, na muganga Trolli aliandika juu yake toka 1938, kule Kwango. Timu imejitayarisha miaka miwili: ruhusa, madereva, watafsiri, vyombo vya labo. Wanataka kuuliza kila mutu wa kijiji, na kuchukua damu, mukojo na chakula. Kelele zinaanza. Watu wanajaa, wamekasirika juu ya ile damu, wanaume wawili wako na mapanga. Rosling anatoa picha za wagonjwa wa konzo aliowaona Msumbiji na Tanzania, anajaribu kueleza. Wengine wanatulia, wengine hapana.

Halafu mama mumoja, miaka kama 50 hivi, bila viatu, anaenda mbele na anawageukia watu wake. Anawakumbusha watoto waliokufa na surua, ile tunaita rujoli, na namna chanjo ilikuja na vifo vikapunguka. Anawauliza wanafikiri chanjo ile ilipatikana namna gani kama si kwa watafiti kupima watu mahali fulani. Kiisha anaonyesha mukono wake: muganga achukue damu. Watu wanapanga mustari nyuma yake.

Rosling mwenyewe anakubali kosa. Anasema hakueleza vizuri, na alipaswa kuwa pamoja na shefu wa kijiji wakati watu wanaelezwa. Nampa heshima juu ya hiyo, wakubwa wengi wa utafiti hawaandiki jambo kama lile. Lakini somo analotoa ni hili: tazameni, mama asiyesoma, anayeishi mbali sana, aliweza kufikiri kwa akili ya ukweli kushinda woga. Kama yeye ameweza, nawe utaweza.

Hapa njo siungani naye. Ule mama hakuwa na takwimu. Hakuwa amesoma makala yoyote juu ya konzo, na Rosling mwenyewe siku ile alikuwa hajapata jibu la uhakika la kumpa. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu. Utafiti fulani, uliofanywa kwa watu wengine, ulirudi mupaka Makanga ndani ya kisanduku cha baridi, katika umbo la chanjo, na watoto wake ao wa jirani wakaacha kufa. Deni moja lilikuwa limeshalipwa mbele ya macho yake. Njo maana alikubali kukopesha tena. Ukiondoa ile chanjo mu hadithi, akili yake yote haina pa kusimama, na sijui kama hadithi ingemalizika na mustari wa watu wenye kukunja mikono ya shati.

Tofauti hii siyo ya maneno tu. Kama Rosling ana haki, basi kazi yetu kwenye tereni ni kueleza vizuri: sansibilizasio, picha, megafone. Kama mimi niko na haki, hata ueleze namna gani, unakula akiba ambayo mwingine aliweka kabla yako, na kama hauweki kitu, yule anayekuja nyuma yako atakuta kapu tupu.

Tumeliona hili sisi wenyewe. Ebola ya Nord-Kivu na Ituri, toka mwezi wa nane 2018 mupaka mwezi wa sita 2020: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Vijana wengi wa kundi letu walifanya kazi ile, kutafuta wale waliogusana na wagonjwa, kujaza fishi, kuchora ramani za vikundi vya maambukizi avenii kwa avenii. Elimu ilitolewa kila siku, redio zote. Na bado watu walikataa, mara nyingine kwa mawe. Wengi walisema uvivu wa akili, ushirikina, woga. Lakini mwaka ule ule wa 2019 surua ilikuwa inaua watoto mu nchi yote. OMS ilitangaza mwanzoni mwa 2020 kwamba waliokufa wamepita 6,000. Karibu mara tatu ya Ebola. Magari mapya yalikuja juu ya Ebola. Sasa chukua mama wa Makanga, umulete mu kata moja ya Beni mwaka 2019, mwambie asimame mbele ya vijana wenye hasira na atoe hoja yake ya chanjo ya surua. Angesema nini?

Nirudie kitabu. Kuna jambo lingine, liko ku ukurasa wa kwanza kabisa, na watu wengi wanaliruka. Rosling ametoa kitabu chote kwa heshima ya ule mama. Anaandika wazi kwamba jina lake halijui. Watu wanaona hiyo ni unyenyekevu mukubwa, na pengine iko. Mimi naiona kama mutu aliyefanya kazi ya ankete. Timu ilienda Makanga kuuliza kila mutu wa kijiji. Kila nyumba namba, kila mutu fishi: jina, umri, jinsia, alikula nini, anatembea ao hatembei. Kama kazi iliendelea namna ilivyopangwa, na kitabu kinasema watu walipanga mustari, basi jina la ule mama liliandikwa siku ile ile, kwa bik, na kijana fulani Mukongomani aliyekaa ku kiti cha mbao. Jina lilikuwa ndani ya mafishi. Alilojua kijana wa fishi, profesa hakulijua.

Munielewe, sisemi jina lilipaswa kutolewa. Siri ya mugonjwa ni siri, na etiki ya utafiti inatukataza kuweka majina mu makala. Lakini siri ni kitu kimoja, na kutojua ni kingine. Na yule kijana wa kiti cha mbao? Mu sura ile ni "watafsiri" tu. Kwa kweli Wakongomani walikuwa ndani ya utafiti wa konzo wa miaka ile, na hawakuwa wa kubeba masanduku. Jean Pierre Banea, wa CEPLANUT ya Kinshasa, aliandika pamoja na Rosling makala ya 1992 juu ya njia za mukato katika kutengeneza muhogo. Nyuma yake kukawa Désiré Tshala-Katumbay, mutaalamu wa mishipa ya fahamu, aliyeonyesha pamoja na wenzake kwamba konzo inagusa hata akili za watoto, si miguu peke yake. Nyinyi munaotafuta mufano wa karieri, hao pia ni mifano. Lakini hawana mapovu ya rangi, basi hatuwajui.

Sasa niingie ku shamba langu, na hapa nitakaa kidogo, juu njo sehemu kitabu kinatoa mistari michache kabisa wakati ingeweza kuwa sura tamu kupita zote.

Konzo inatoka ku muhogo muchungu uliotengenezwa vibaya, kwa mutu asiyekula kitu kingine. Muhogo uko na kitu kinaitwa linamarini. Mizizi ikipondwa ao ikilowa na kulainika, linamarini inavunjika, inatoa sianidi, na ile sianidi inaenda na maji na hewa. Mama zetu wanajua bila kemia: unalowesha siku tatu, nne, mupaka muhogo unakuwa laini na unanuka, kiisha unaanika, unasaga. Ukilowesha usiku mumoja tu, sumu inabaki ndani ya unga. Mwili unaweza kupambana na kiasi fulani, lakini kwa kufanya hivyo unahitaji salfa, na salfa inatoka ku protini: maharagwe, samaki, nyama, karanga. Mutu anayekula fufu na majani peke yake, wiki kwa wiki, wakati wa kiangazi ambapo hakuna kitu kingine, hana silaha. Njo maana wanaopatwa zaidi ni watoto na wamama wenye umri wa kuzaa.

Basi swali la kila agronomu: kama mama anajua siku tatu, juu ya nini amelowesha usiku mumoja? Watafiti hawakupata jibu ndani ya damu. Walilipata kwa kutembea, kuuliza, na kulinganisha kijiji na kijiji, vilivyo na konzo na visivyo na konzo, mara nyingine vimetengana na kilomita chache tu. Jibu lilikuwa barabara. Lami kwenda Kinshasa ilileta malori, malori yalitaka kosete, na kosete ikawa feza ya chumvi, sabuni na masomo ya watoto. Lori haingoji siku tatu. Muhogo ukaanza kutoka majini mbio, kwa kuuzwa na kwa kuliwa nyumbani pia. Ule wa Kinshasa anakula na samaki na nyama kidogo, hapatwi. Yule aliyebaki kijijini anapatwa. Kule Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, sababu ilikuwa nyingine: ukame, muhogo muchungu peke yake ku sahani, na njaa haingoji jua likaushe. Zaidi ya watu 1,000 walipatwa na ugonjwa ule ule, kule waliuita mantakassa. Sumu moja, haraka mbili tofauti.

Ukisoma kitabu kwa jicho hili, utaona kitu ambacho Rosling hasemi. Kuna hadithi nyingine ndani yake, ya huzuni kupita zote, ya mwaka ule ule 1981. Ugonjwa wa miguu unatokea, hakuna anayejua kama unaambukiza. Meya wa Nacala anamuuliza Rosling kama afunge barabara. Rosling anakubali. Asubuhi wamama wanangoja basi kuenda sokoni kuuza vitu vyao, basi haiji. Wanaomba wavuvi wawapitishe kwa bahari. Mashua zinapinduka, wamama, watoto na wavuvi wanakufa maji. Rosling aliibeba hiyo miaka mingi na anaitumia kufundisha kwamba usifanye haraka bila data. Sawa. Lakini weka hadithi mbili pamoja, ya mashua za Nacala na ya malori ya Bandundu. Pande zote mbili kuna mwanamuke mwenye mizigo anayelazimika kufika soko. Soko njo mutu mukubwa wa kitabu hiki, na halina sura yake. Muganga anaona woga na akili. Sisi tuliosoma mashamba tulipaswa kuona bei, umbali wa maji, na kalenda ya mavuno.

Na kuna nusu ya mwisho ambayo haimo kabisa. Miaka 20 na kitu nyuma ya Makanga, Banea na timu yake ya PRONANUT walirudi Kwango, wakaanzia kijiji cha Kay Kalenda, zoni ya afya ya Popokabaka. Walikuwa na njia ndogo iliyotoka kwa Howard Bradbury, mutafiti wa Australia. Ni rahisi mupaka inachekesha. Unaweka unga wa muhogo ndani ya beseni, unatia alama ya kisu pale unga umefikia. Unamwaga maji unakoroga: unga unashuka. Unaongeza maji mupaka urudi ku alama. Kiisha unautandaza mwembamba ku mukeka, saa mbili juani ao saa tano kivulini, na sianidi inaondoka na hewa. Siku ile ile unapika fufu. Vifaa ni beseni, kisu, mukeka na karatasi yenye michoro kwa lugha ya pale. Haikatazi mama kuuza, haimwambii arudi ku siku tatu ambazo lori haitamupa. Wakati Kay Kalenda walifuata njia ile hakukutokea mugonjwa mupya wa konzo, na ikaenda vijiji vingine. Wamama wenyewe walikuwa wanafundishana.

Hiyo njo chanjo ya surua ya upande wetu. Hiyo njo deni likirudi. Kitabu kilichosimulia mama wa Bandundu mwenye kutoa damu kingeweza kuongeza ukurasa mumoja juu ya wamama wa Bandundu waliopokea kitu. Kilitoka 2018, mambo ya Kay Kalenda yalikuwa yameshaandikwa.

Sasa juu yetu. Mwaka juzi nilikuwa mu ankete moja ya lishe, huku Sud-Kivu, siku 12, ONG sitaitaja. Formasio siku tatu, mu sale ya oteli. Tableti iko na Kobo ndani, formuleri imefungwa: hauwezi kuruka swali, hauwezi kuongeza. Tunapima mikono ya watoto, tunauliza: jana mulikula nini? Na pale kuna kisanduku kimoja cha nafaka na mizizi. Muhogo mutamu, muhogo muchungu, viazi, mahindi, vyote kisanduku kimoja. Mama mumoja aliniambia kwa uwazi kabisa kwamba musimu huu wanatoa muhogo majini mapema juu wezi wanauiba mutoni usiku. Hiyo ilikuwa habari kubwa kupita yote niliyosikia mu siku 12. Hakukuwa na mahali pa kuiandika. Nilimwambia siperviza, akasema tusipoteze muda, tuko na nyumba 14 bado. Na tusisahau timu ya Chabwine ilitoa makala 2011 juu ya konzo kutokea kwetu Sud-Kivu, mu milima. Siyo ugonjwa wa Bandundu peke yake.

Yule mama aliuliza pia swali ambalo kila mumoja wenu aliyefanya ankete ameulizwa: mutarudi lini? Matokeo yalitolewa mu atelie, muji mukuu wa jimbo, PowerPoint na pozi-kafe, wafadhili mbele. Ramani ilikuwa nzuri sana, zoni za afya kwa rangi nyekundu na manjano. Kijiji chake kilikuwa nukta, bila jina, na shefu wa kijiji hakualikwa.

Wengine watasema, ndugu agronomu, wewe ni mutu wa perdiemu tu, siyo wewe unaamua formuleri. Ni kweli. Muliojaza fishi munajua pia kwamba kila povu la Kongo ku ekra ya Rosling liko na damu ya ankete zile, EDS ya 2007, ya 2013-2014, masaa ya wamama wetu ku viti vya nyumba, juu sensa ya mwisho ya nchi hii ni ya 1984 na hakuna kitu kingine cha kushika. Mutu wa perdiemu njo anashika kamba yote. Na kuna mambo yako ndani ya uwezo wake. Kuuliza siku ya formasio, mbele ya wote, ni siku gani na bajeti gani ya kurudisha matokeo kijijini. Nimeona swali lile linatia siperviza jasho, lakini mara moja nimeona linaleta siku moja ya ziada yenye kulipwa. Kuandika ku kayee yako yale ambayo tableti inakataa, na kuyatuma kwa mukubwa wa ankete kwa maandishi, isiwe kwa mudomo. Kuweka majina ya vijiji namna wenyeji wanavyoyatamka ndani ya OpenStreetMap, jambo ambalo halihitaji ruhusa ya mutu na QGIS yenyewe haiombi feza. Wale wa agronomia, kuomba tuingie pale formuleri inaandikwa, kabla ya tereni, juu muganga hatajua kuuliza usiku ngapi majini.

Kitabu mukisome, nakipa alama nzuri. Hesabu ya watoto 52 na 3,900 peke yake inalipa masaa yako. Ile sura ya mwisho muisome pamoja na makala za Banea, ambazo nyingi zinapatikana ku intaneti bure. Na kama kuna mutu hapa mwenye asili ya Kwango ao Kwilu, ambaye amefika Makanga ao anajua watu wa kule, aniandikie ndani. Nataka kujua kama kuna aliyewarudia watu wa kijiji kile na kuwaambia ile damu ya 1989 ilionyesha nini.